Rejeta Isiyovuja

Rejeta mpya ilikuwa inang'aa kiasi kwamba mtu angeweza kujichana nywele mbele yake. Iliegemezwa kwenye ukuta wa gereji, karatasi ya dukani ikiwa imebanduka nusu tu ubavuni, na mafundi wameizunguka wakiisifu kwa zamu kana kwamba kila mmoja wao ndiye aliyeizaa. Mama Risasi hakuisifu. Alichuchumaa, akatoa futi yake ya chuma mfukoni, akapima upana, akapima kimo, kisha akachomeka kipande cha waya katikati ya mapezi kuona unene. Akainuka, akaenda kwenye lori lililokuwa boneti wazi, akapima nafasi iliyokuwa mbele ya injini. Aliporudi alikuwa amekunja uso.

"Ndogo," alisema.

Jina la Mama Risasi alipewa kazini. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akiziba rejeta zinazovuja kwa kuyeyusha risasi juu ya shaba, ndani ya kibanda cha mabati mwishoni mwa safu ya gereji, na mgeni aliyeambiwa "mpelekee Mama Risasi" aliweza kudhani anatumwa kwa jambazi. Alikuwa mwanamke mfupi, mchache wa maneno, mwenye ncha za vidole zilizokufa ganzi kwa moto. Lori lenyewe lilikuwa la marehemu baba yake: pua ndefu, taa za mviringo, mlango usiofungika mpaka uubamize mara mbili. Baba aliwaachia wote wawili, yeye na kaka yake. Lakini kaka ndiye aliyeliendesha, na kwa kuwa ndiye aliyeonekana nyuma ya usukani, watu waliliita lori la kaka. Hata Mama Risasi mwenyewe alikuwa ameshazoea kuliita hivyo.

Injini ya zamani, ya petroli, ilikuwa imepasuka tumbo. Kaka akapata nyingine ya dizeli kutoka kwenye basi lililopinduka, kubwa, yenye nguvu maradufu, na kazi ya kuipachika akampa fundi aliyeitwa Profesa. Profesa hakuwahi kufundisha popote. Waliomwita hivyo walifuata miwani yake, ambayo ilikaa juu ya paji la uso na haikushuka machoni hata siku moja, pamoja na tabia yake ya kulijibu swali kwa kicheko cha huruma.

Sasa alikitoa kicheko hicho. "Ndogo kwa nani, Mama?"

"Kwa injini hii. Pale mbele pana sentimita sitini na nane kwa sabini na mbili. Hii yako ni hamsini na tano kwa arobaini na tano. Ilitengenezwa kwa gari dogo la kukimbia. Feni itaning'inia chini yake, nusu ya hewa itavutwa pasipo na rejeta. Halafu karatasi inasema ina safu nne za mirija. Waya wangu umekuta mbili."

"Waya!" Profesa aliwageukia wenzake. "Jamani, bado tunapima kwa waya? Hii ni aluminiamu, Mama. Ni teknolojia ya siku hizi."

"Sina ugomvi na aluminiamu. Ingekuwa kubwa ningekuwa wa kwanza kuibeba. Joto la injini hii nalo litakuwa la siku hizi?"

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Kaka mtu alikuwa ameegemea bampa, mikono kifuani, akitazama huku na huku kama anayesubiri mvua ikatike. Alikuwa mkubwa kwa Mama Risasi kwa miaka minne, mrefu, mwenye sauti ya kutuliza watu. Aliitumia sauti hiyo.

"Mdogo wangu, wewe tutengenezee kiungio tu. Mengine mwachie Profesa."

Kiungio chenyewe kilihitajika kwa sababu mpira wa chini wa injini mpya ulikuwa mnene, na shingo ya chini ya rejeta ile ya kung'aa ilikuwa nyembamba kama kidole gumba. Pakahitajika kipande cha bomba cha kuzikutanisha. Mama Risasi alirudi kibandani, akakata shaba, akaipanua upande mmoja kwa nyundo ya mbao, akaipinda midomo ili mpira uking'ang'anie. Alikuwa amenuna, lakini mikono yake haikuwahi kujua kufanya kazi mbovu kwa sababu moyo umenuna. Alikifunga mwenyewe, klempu mbili za kubana mpira kila upande, akakivuta kwa nguvu zake zote. Hakikutikisika. Akaondoka bila kuaga.

Siku ya nne lori lilichemka kwenye mlima wa kutokea mjini, likiwa na shehena ya matofali.

Habari zilimkuta akiwa na bomba la moto mkononi. Alilizima, akakimbia na koti lake la kazi mpaka hospitali. Kaka yake alikuwa amelala chali, mkono wa kulia umefungwa kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko, taya na shingo zimepakwa dawa nyeupe. Alipomwona dada yake alifumba macho. Mama Risasi alidhani ni maumivu. Alisimama pale akiushika ukingo wa kitanda, akimwombea kimoyomoyo, mpaka wifi yake akamgusa bega na kumwashiria watoke.

Kwenye korido, wifi alisema bila kumtazama, "Anasema kiungio chako kilifyatuka."

"Kipi?"

"Hicho ulichotengeneza. Anasema alikuwa amesogea mbele kuangalia moshi, kikafyatuka, maji yakamrukia. Wifi, sisemi ulikusudia."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomkaa kooni. Sisemi ulikusudia. Alirudi nyumbani kwa miguu, akipitia upya kila pigo la nyundo, kila mzunguko wa bisibisi. Je, alikuwa amebakiza klempu moja bila kuikaza? Hasira zake za siku ile zilikuwa zimemfumba jicho? Kwa muda wa siku mbili alijishuku, na baadaye, alipokumbuka, kujishuku huko ndiko kulikomuuma kuliko mengine yote: kwamba walimtilia shaka wakamkuta tayari anawasaidia.

Profesa hakuwa na shaka. Alisimulia kisa kwenye kibanda cha chai, akakisimulia dukani, akakiongezea chumvi kila kilipopoa. Siku ya tatu mwenye mabasi mawili, mteja wa Mama Risasi kwa miaka kumi, alikuja kuchukua rejeta aliyokuwa ameileta kuzibwa.

"Sijaigusa bado," Mama Risasi alimwambia.

"Ndiyo maana nimewahi," mteja alijibu, na kwa aibu akaanza kusifu hali ya hewa.

Jioni ya siku hiyo mama yao alimwita. Alikuwa ameketi sebuleni kwake akichambua mchele kwenye ungo, miguu ameinyoosha mbele. Alimwacha binti yake akae, akamuuliza kama amekula, kisha akasema bila kuacha kuchambua:

"Mwanangu, nenda kamwambie kaka yako pole. Mwambie ulikosea. Yaishe."

"Nilikosea nini, Mama?"

"Mimi najua mambo ya vyuma? Najua watoto wangu wawili hawasemezani, na mmoja ameungua. Aliyeungua haombi msamaha. Kwa hiyo umebaki wewe."

"Na kama sikukosea?"

Mama yake aliinua kichwa. Hapakuwa na ukali machoni mwake, kulikuwa na uchovu tu, na huo ulikuwa mbaya zaidi. "Wewe una moyo mpana tangu utotoni. Kwako linapita."

Mama Risasi alisimama. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa, na hasira ilimpanda, kali kama mvuke. Moyo mpana! Alikumbuka shule aliyoiacha darasa la saba ili kaka aendelee, kwa kuwa kwake lilipita. Alikumbuka ufunguo wa lori uliotoka mfukoni mwa baba ukaingia mfukoni mwa kaka bila mtu kuuliza, na hilo nalo likapita. Upana ule, kumbe, wenzake walikuwa wameugeuza stoo.

"Hili halipiti," alisema, na akatoka.

Asubuhi yake alikwenda gerejini kwa Profesa, ambako lori lilikuwa limevutwa na kuachwa boneti wazi. Mafundi walikuwa wanaanza kazi. Hakusalimia. Alilala chini ya lori juu ya kipande cha boksi, akatazama. Kiungio kilikuwa mahali pake, klempu zote nne zimekaza, na vumbi la barabara limekigandia bila ufa. Akakishika kwa mikono miwili, akakivuta. Lori lilitikisika kidogo. Kiungio hakikutikisika.

"Njooni," aliita akiwa kule chini. "Nani mwenye nguvu hapa? Aje akivute."

Alikuja mkereza vyuma wa kibanda cha jirani, mtu wa makamo mwenye mabega kama mlango. Akalala, akavuta, akaguna, akatoka akijipangusa mikono. "Hakijafyatuka hiki. Hakijawahi kufyatuka."

"Basi kilivuja," Profesa alidakia. "Ili kivuje si lazima kifyatuke."

"Tutaona," alisema Mama Risasi.

Aliukata mpira juu ya kiungio kwa msumeno, ili klempu zisiguswe, akaifungua rejeta na kuibeba na kiungio chake mpaka kwenye tangi la maji lililokuwa nje ya kibanda chake. Nusu ya safu ya gereji ilimfuata. Akaziba matundu kwa vizibo vya mpira, akaunganisha pampu ya mkono, akaizamisha rejeta yote. Kisha akaanza kupampu, taratibu, akitazama mshale wa geji ya presha ukipanda. Kazi hii alikuwa ameifanya mara elfu, na kila mara alikuwa akitafuta kitu kimoja: mstari mwembamba wa mapovu unaopanda kutoka penye tundu.

Maji yalitulia. Mkereza vyuma aliinama mpaka pua ikakaribia kuyagusa. Profesa, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya watu wa pale, aliishusha miwani machoni.

Hapakuwa na povu hata moja. Si kwenye kiungio, si kwenye mirija, si kwenye shingo.

"Si mnaona!" Profesa alipiga kofi. "Rejeta yangu nzima! Imara kama siku iliyotoka dukani!"

"Imara," Mama Risasi alikubali. "Na ndogo. Haivuji popote. Ilichemka tu, kama nilivyokwambia itachemka."

Profesa aliirudisha miwani juu ya paji la uso. Ndipo mkereza vyuma akauliza, polepole, kama mtu anayeongea peke yake:

"Kiungio kiko chini kabisa. Kama kingefyatuka, angeungua miguu. Yeye ameungua mkono na taya. Maji ya kumfikia taya yalitoka wapi?"

Macho ya watu yalihama kidogo kidogo kutoka kwenye kiungio, yakapanda, yakakomea kwenye mfuniko ulio juu ya rejeta. Hata anayejifunza udereva leo huambiwa asiuguse mfuniko huo injini ikiwa ya moto, na haujawahi kujifungua wenyewe.

Mama Risasi alikuwa ameshika mpini wa pampu. Alikuja pale na hasira iliyokuwa na uso wa Profesa, miwani yake na kicheko chake, na sasa hasira ile ilisimama katikati ya njia kama mgeni aliyegundua kwamba amekosea nyumba. Kisha ikageuka, ikaelekea ilikotakiwa kwenda.

Kaka yake alikuwa ameshatoka hospitalini. Alimkuta sebuleni saa sita mchana, amekaa kwenye kochi, mkono uliofungwa umelazwa juu ya mto, feni ya mezani ikimpepea. Wifi alimkaribisha, akaenda jikoni kuleta chai. Mama Risasi hakukaa.

"Pole, Kaka."

"Nimeshapoa, mdogo wangu."

"Nani alifungua mfuniko?"

"Umekuja kunihoji nikiwa katika hali hii?"

"Ungependa nije ukiwa katika hali gani?"

Feni iligeuka kulia, ikageuka kushoto. Kaka alipojibu, sauti ile ya kutuliza watu haikuwepo. "Magari yalikuwa yamejipanga nyuma yangu mpaka chini ya mlima. Honi, matusi. Utingo wa basi akatoa kichwa dirishani, akanipigia kelele nimrudishe huyo babu nyumbani akalale. Lori la baba, analiita babu. Nikapandwa na hasira. Nikachukua kitambaa, nikapanda kwenye bampa, nikafungua. Miaka thelathini ninawaambia madereva wenzangu wasiuguse. Miaka thelathini! Ningewaambia nini?"

"Kwa hiyo ukawaambia ni mimi."

"Daktari aliuliza. Mke wangu aliuliza. Nilikuwa ninaungua, dada. Neno la kwanza lililonijia…"

"Lilikuwa mimi. Kwa nini halikuwa Profesa? Yeye ndiye aliyeichagua rejeta."

"Profesa angenivua nguo mbele za watu." Alitazama chini. "Wewe nilijua utanisamehe."

Alilisema kwa upole, karibu kama sifa. Mama Risasi alilisikia likimwingia mahali ambapo dharau zote za Profesa hazikuwahi kufika. Profesa angalau alimdharau usoni kwake. Huyu alikuwa amejichotea msamaha wake bila kubisha hodi, kama bomba la uani ambalo kila apitaye hulifungulia, na hakuna anayejiuliza maji yanatoka wapi wala kama yataisha.

"Sijakusamehe," alisema.

Alishangaa jinsi maneno hayo yalivyotoka bila taabu. Mlangoni, wifi alikuwa amesimama na sinia, na kutokana na uso wake ilikuwa wazi kwamba amesimama hapo kwa muda.

Wiki tatu zilipita. Wateja wawili walirudi. Mwenye mabasi hakurudi. Mkereza vyuma alisimulia alichokiona, lakini kisa cha Profesa kilikuwa kimewahi kuondoka, kikafika mitaa ambayo ukweli haukuwa na nauli ya kwendea. Ndipo kaka mtu alipotokea kibandani, bandeji imepungua, ngozi mpya ya mkono ikiwa ya waridi na laini kama ya mtoto mchanga. Alisimama nje ya mlango kama mteja.

"Lori limekaa," alisema. "Chagua wewe rejeta. Utakayosema ndiyo hiyo."

"Nitachagua. Na nusu ya lori ni langu. Tangu leo nitaliita hivyo, nawe utaliita hivyo."

Aliitikia kwa kichwa.

"Basi twende. Utanishikia upande wa pili wa futi."

Walikwenda kwenye yadi ya vyuma chakavu ng'ambo ya reli. Mama Risasi alipita kati ya malundo bila haraka. Rejeta ya kwanza ilikuwa ya gari la abiria, nzuri, lakini ndogo kama ile ya Profesa. Ya pili ilikuwa ya basi hasa, ndugu wa injini yao, na kaka yake alichangamka. Yeye akapima kimo, akatikisa kichwa. Ili iingie ingebidi wakate uso wa lori, na uso ule hataukata mtu akiwa yeye yu hai. Ya tatu ilikuwa imelala chini ya turubai, imetolewa kwenye jenereta la kinu: shaba tupu, nzito, tangi la juu limebonyea kidogo, shingo ya chini iko kulia, upande uleule wa pampu ya maji. Aliingiza waya. Safu nne, za kweli. Aliita futi.

Kaka alishika ncha kwa mkono wake mzima. Karibu nao mfanyakazi mmoja alikuwa anakata shasi ya gari bovu kwa mashine, na cheche zilikuwa zinaruka kwa makelele ya kupasua kichwa. Mwenye yadi, mnene, mcheshi, alikuja akijifuta jasho, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akautazama mkono wenye ngozi mpya.

"Kumbe ndiye wewe, dada!" alipaza sauti. "Nimesikia habari zenu. Kiungio kikafyatuka, eh? Safari hii ukaze vizuri, usije ukatumalizia mtu!" Akacheka kwa tumbo lake lote, bila ubaya wowote.

Mama Risasi alikuwa na jibu. Lilikuwa limenolewa kwa wiki tatu, na lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Akalizuia hapo. Aliinamia futi, akasoma: sitini na sita. Upande wa pili futi ililegea.

"Nilifungua mfuniko mwenyewe," alisema kaka yake, akiiambia ardhi.

"Unasemaje?" Mwenye yadi aliweka kiganja sikioni. "Hii mashine bwana!"

Kaka alimtazama dada yake. Ni yale macho aliyokuwa akimtazama nayo tangu utotoni, kila alipohitaji mtu wa kumsemea. Mama Risasi hakuyakwepa, wala hakuyasaidia. Aliendelea kushika ncha yake ya futi.

"Sema tena," alimwambia.

Mwenye yadi aligeuka, akampungia mfanyakazi wake mkono. Swichi ikazimwa. Jiwe la kukatia likaendelea kuzunguka lenyewe, mlio ukishuka, ukizidi kuwa mwembamba, mpaka yadi yote ikanyamaza.